Maumivu ya Viungo vya Watoto na Maradhi ya Moyo

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu katika shule moja ya msingi huko Likoni. Msemaji ni mfasiri katika ofisi ya serikali.)



Kwanza yanipasa kukiri mbele yenu kwamba mimi si daktari. Kazi yangu ni kufasiri. Huletewa karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza, nami huzigeuza zipate kusomwa na mtu wa Mtongwe, wa Kisauni, wa Changamwe, na popote pengine Kiswahili kisomwapo. Miongoni mwa karatasi nilizoletewa ni zile zinazoeleza uchunguzi wa madaktari juu ya maradhi ya viungo kwa watoto. Nilizisoma usiku mmoja hata mwisho, na nilipozimaliza usingizi haukunijia. Sababu yake nitaieleza mbele.

Nataka kuanza na neno. Mtu akiumwa na magoti au mabega, watu wa pwani husema ana baridi yabisi. Ni neno la zamani. Yabisi maana yake ni kavu, na waganga wa kale, wa Kiarabu na wa Kiyunani, waliamini kwamba mwili wa mwanadamu umeundwa kwa mchanganyiko wa joto na baridi, ukavu na umajimaji, na kwamba baridi kavu ikiingia katika mifupa huleta maumivu. Basi mzee akilala karibu na dirisha, upepo wa kusi ukampiga usiku kucha, asubuhi akaamka hawezi kunyosha mgongo, twasema ni baridi yabisi. Kwa mzee huyo neno halina madhara. Tukimpa shuka zito na kumchua kwa mafuta ya nyonyo, hatukumkosea.

Lakini liko gonjwa jingine, la watoto, ambalo kwa Kiingereza limepewa jina linalofanana na la ugonjwa wa mzee huyu, na kwa sababu hiyo makamusi yetu yamelitia ndani ya neno hilo hilo la baridi yabisi. Hapo ndipo madhara yanapoanza. Gonjwa hilo halitokani na baridi wala upepo. Huanzia kooni, hupita katika viungo, na huishia moyoni.

Nitawaeleza jinsi linavyokwenda, kama nilivyolifahamu katika karatasi hizo.

Wako vijidudu waitwao streptokoki, ambao hukaa kooni na kuleta mafindofindo. Hupita kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kwa njia ya mate na pumzi, na hupenda mahali penye msongamano. Chumba kimoja wakilala watoto watano, mmoja akiugua koo, si ajabu kabla ya wiki mbili kwisha wenzake nao wakaugua. Wengi wao hupona wenyewe, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mwili wa mtoto una askari wake katika damu, ambao kazi yao ni kuwatafuta wageni waovu na kuwaua. Kwa watoto wengine askari hawa hukosea. Ni kama askari waliopewa picha ya mwizi, wakatoka kumsaka, na wasipomwona mwizi mwenyewe wakamkamata jamaa anayefanana naye sura. Nyama ya moyo na ngozi laini ya viungo zina sehemu ndogo zinazofanana na mwili wa kijidudu yule, basi askari huzishambulia wakidhani ni adui.

Hayo hutokea yapata wiki mbili, tatu au nne baada ya koo kupona, nao wanaopatwa zaidi ni watoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano. Mtoto hushikwa na homa. Goti huvimba, likawa la moto, asiweze hata kuguswa na shuka. Baada ya siku chache goti hupoa, na kifundo cha mguu kikashika, kisha kiwiko. Maumivu yanahama. Mzazi akiona jambo hilo, la maumivu kuhamahama kutoka kiungo hadi kiungo, na asilisahau. Watoto wengine huota uvimbe mdogo mgumu chini ya ngozi, na wengine mikono na uso huanza kuchezacheza bila wao kutaka. Mtoto akishika kikombe humwaga chai, na mwandiko wake darasani huharibika. Daktari wa Kiingereza, Thomas Sydenham, aliielezea hali hiyo tangu mwaka 1686. Kwetu mtoto wa namna hiyo husemwa kuwa ana pepo, na mwalimu asiyejua humchapa kwa utundu. Walimu mlioko hapa, naomba mlikumbuke hilo.

Kisha viungo hupona, bila kuacha alama hata moja. Lakini moyo hauponi hivyo. Moyo wa mwanadamu una vilango vinne, ambavyo hufunguka damu ipite na kufunga isirudi nyuma. Gonjwa hili huvifanya vilango vikakamae na kupata makovu, hasa kile kilicho upande wa kushoto. Kila mara koo likiugua upya, askari wale wa damu hushambulia tena, na kovu huongezeka juu ya kovu. Mtoto hukimbia, hucheza mpira, hubeba maji. Hakuna ajuaye. Miaka kumi baadaye, au kumi na mitano, pumzi huanza kumwishia.

Sasa nitawaambia kwa nini sikulala.

Katika mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya misheni, nami nilirudi nyumbani Likoni wakati wa likizo. Ndugu yangu wa kike alikuwa na umri wa miaka tisa. Koo lilimuuma siku nne, likapona. Baada ya wiki tatu goti lake la kulia likavimba, na baadaye la kushoto, na baadaye vifundo. Mama akampeleka hospitali. Wakarudi na kadi, na katika kadi hiyo yalikuwa yameandikwa maneno mawili kwa Kiingereza, na chini yake tarehe za sindano: kila baada ya wiki nne. Mama aliniita, maana mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. “Mwanangu, karatasi yasemaje?” Nikafungua kamusi la shule, nikatafuta, nikajibu kwa fahari, “Baridi yabisi, mama.”

Nyanya yangu alikuwa ameketi kibarazani. Aliposikia hivyo moyo wake ulitulia, kwa kuwa ugonjwa huo aliujua tangu utoto wake. Akatoa mafuta ya nyonyo, akamchua mjukuu wake asubuhi na jioni, akamkataza kuoga maji ya baridi. Sindano alichomwa tatu. Zilikuwa za uchungu, na mtoto alilia njia nzima hata feri. Viungo vilikuwa vimekwisha kupona kabisa. Nyanya akauliza: baridi imekwisha toka, sindano za nini tena? Nami sikuona neno la kumpinga. Mama naye alihesabu nauli, akakubali. Kadi ikatiwa ndani ya sanduku.

Mwaka 2017 ndugu yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja, akipanda ule mlima wa feri upande wa kisiwani, alikaa chini katikati ya watu, hawezi kuvuta pumzi. Usiku alilala ameketi. Madaktari walipompima walisema kilango cha moyo kimekuwa chembamba tangu zamani, na mzigo wa mimba ndio ulioudhihirisha ugonjwa. Nilipoleta habari hizo nyumbani nyanya alinitazama, akaniuliza, “Moyo? Si uliniambia ni baridi?”

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Daktari hakukosea, na muuguzi hakukosea. Aliyekosea ni mfasiri. Nawaambieni haya si kwa kutaka kuhurumiwa. Nataka mjue kwamba mtoto aweza kudhurika kwa neno moja lililofasiriwa vibaya, hata kama dawa ilikuwako, na muuguzi alikuwako, na kadi ilikuwa mkononi.

Basi tuje katika kazi ya wachunguzi, ambayo ndiyo hasa niliyoombwa kuieleza.

Jambo la kwanza walilotaka kujua ni kama ugonjwa huu waweza kuzuiwa mwanzoni. Jibu lilipatikana Marekani katika kambi moja ya askari wa anga huko Wyoming. Vijana walioingia jeshini walilala wengi katika mabweni, na koo liliwasumbua sana. Daktari Floyd Denny na wenzake waliwagawa askari wenye mafindofindo mafungu mawili, kila fungu karibu watu 800. Fungu moja walipewa penisilini, na jingine hawakupewa. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1950: katika wale wasiopata dawa, 17 walishikwa na homa ya viungo, katika waliopata, wawili tu. Tangu hapo imejulikana kwamba koo lililotibiwa vizuri halifiki moyoni. Tena imejulikana kwamba mtoto akipata dawa hata siku ya tisa tangu koo kuanza kuuma, hajachelewa.

Hata hivyo lazima niseme kwamba si kila koo linaloumwa lahitaji penisilini. Makoo mengi huugua kwa sababu ya virusi, kama mafua, na dawa hii haiwafanyi virusi chochote. Mtoto mwenye kikohozi na makamasi mara nyingi ana mafua tu. Lakini mtoto mwenye homa, ambaye koo limemuuma ghafula, hakohoi, tezi za shingo zimevimba, na ukimfunua kinywa waona mafindo mekundu yenye usaha, huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Dawa ikiwa ni ya kunywa, huwa ya siku kumi, nayo imalizwe hata kama siku ya tatu anacheza nje.

Na hapa yafaa niseme habari za kimeo. Bado wako wazazi ambao mtoto akiumwa koo au akikohoa humpeleka kwa mtu akakatwe kimeo. Najua wengi wenu mmekatwa utotoni, nanyi mko hai na wazima. Lakini kisu kile hakimuui kijidudu, ila huongeza kidonda juu ya kidonda, na wako watoto waliotokwa na damu hata wakafa.

Jambo la pili la uchunguzi ni kuwatambua watoto ambao moyo wao umekwisha guswa nao hawajui. Zamani daktari aliweka chombo chake kifuani akasikiliza. Mwaka 2007 zilitolewa habari za watoto wa shule 2,170 wa Msumbiji. Kwa kusikiliza tu, watoto watano ndio waliothibitika kuwa na ugonjwa. Walipopimwa kwa mashine inayotumia mawimbi ya sauti, ile ile inayowaonyesha kina mama mtoto tumboni, walionekana 66. Fikirini wenyewe: katika kila watoto kumi na watatu wenye ugonjwa, sikio la daktari lilimkuta mmoja.

Sasa ikazuka hoja. Watoto hao waliogunduliwa na mashine wanacheza na kula, hawana dalili. Je, ni haki kuwachoma sindano ya uchungu kila mwezi kwa ajili ya kovu dogo lisilowasumbua? Kwa miaka mingi madaktari walibishana. Jawabu limetoka hapa kwetu Afrika ya Mashariki, kwa jirani zetu wa Uganda. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, akiwemo Daktari Emmy Okello, pamoja na Daktari Andrea Beaton wa Marekani, waliwapima watoto na vijana 102,200 wa upande wa kaskazini, wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Waliokutwa na dalili za kwanza moyoni na kukubaliwa kuingia katika jaribio walikuwa 818. Waligawanywa sawasawa kwa kura: nusu wachomwe penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, na nusu wengine waangaliwe tu.

Mimi kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nilifurahi kuona kwamba jaribio lile walilipa jina la Kiacholi, Gwoko Adunu pa Lutino, maana yake kuulinda moyo wa mtoto. Hawakusema baridi wala viungo. Walitaja moyo, na kila bibi wa Gulu alielewa.

Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2021. Katika watoto waliochomwa sindano, ugonjwa ulizidi kwa watatu tu. Katika wale wasiochomwa, ulizidi kwa 33. Nayo hofu ya kwamba sindano yaweza kumdhuru mtoto, ambayo wazazi wengi wanayo, ilichunguzwa vile vile: katika maelfu ya sindano zilizochomwa, mtoto mmoja alipata mshtuko mdogo wa dawa. Mwaka 2018, kabla ya hayo, Mkutano wa Afya wa Dunia ulikwisha kupitisha azimio la kuzitaka serikali zote zishughulike na ugonjwa huu. Chanjo yake hutafutwa, lakini haijapatikana. Kwa sasa sindano ya kila mwezi ndiyo ngao.

Sindano hizo hudumu muda gani? Daktari ndiye atakayesema kwa kila mtoto. Ambaye moyo wake haukuguswa, kwa kawaida ni miaka mitano au hata afikie miaka 21, ule muda ulio mrefu zaidi. Ambaye vilango vyake vimeharibika, aweza kuendelea hata umri wa miaka 40. Ni safari ndefu, sikatai, na wakati mwingine mzazi hufika dirishani akaambiwa dawa haipo. Akiambiwa hivyo asingoje mwezi ujao. Aulize ni wapi ipo, aende Port Reitz, avuke aende Hospitali Kuu ya Pwani. Au aombe vidonge vya kushika nafasi mpaka sindano ipatikane.

Mtaniuliza, je, kila mtoto anayeumwa viungo ana ugonjwa huu? Hapana. Pwani yetu ina magonjwa mengi ya viungo, nayo hayatibiwi kwa njia moja. Mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018 watu wa Mombasa waliugua chikungunya, ambayo huletwa na mbu. Neno hilo ni la Kimakonde na maana yake ni kujikunja, nalo lilitokana na ugonjwa uliozuka Newala, Tanganyika, katika mwaka 1952. Wengine wana selimundu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii mwaka 1949, akaona kwamba chembe zile za damu zenye umbo la mundu zimeenea sana kwa watu wa pwani na wa kando ya ziwa Victoria, na kwa watu wa milimani ni haba. Baadaye akaonyesha kwamba mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria. Lakini anayeirithi kwa wazazi wote wawili huumwa vikali na mifupa tangu utoto. Mtoto mdogo ambaye vidole vya mikono na miguu vimevimba pamoja na apimwe damu hiyo.

Na liko la tatu, ambalo zamani lilidhaniwa kuwa ni la Wazungu tu: uvimbe wa viungo usiohama, unaokaa wiki sita na zaidi, na kumfanya mtoto aamke asubuhi amekakamaa kama mzee. Huo waweza kupofusha macho kimya kimya, jicho lisiwe hata jekundu. Madaktari wa watoto waliosomea tawi hilo ni wachache mno katika Afrika. Sisi tunaye Daktari Angela Migowa wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Dawa zake zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuutambua mapema.

Ndugu yangu yu hai. Alipasuliwa Nairobi, akawekewa kilango cha chuma, na akiketi karibu nawe katika chumba kisicho na kelele waweza kukisikia kikigonga kama saa. Kila siku hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na kila mara hupimwa damu. Madaktari wamemshauri asizae tena, kwa kuwa dawa ile huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Yule aliyekuwa tumboni wakati ule alizaliwa salama, na leo yumo katika madarasa ya chini ya shule hii. Ndiyo sababu sikukataa nilipoombwa kuja.

Katika karatasi ninazofasiri sasa sitii tena neno baridi yabisi kwa ugonjwa huu wa watoto. Naandika homa ya viungo na moyo. Mkubwa wangu ofisini alisema jina hilo ni refu mno. Nikamwomba alivumilie.

Hapa nyuma ameketi muuguzi wa zahanati, naye amekubali kukaa mpaka saa kumi na moja. Mwenye mtoto aliyepewa kadi ya sindano, hata kama ni ya miaka iliyopita na tarehe zake zimepita zote, na ailete aione. Wala hataulizwa kwa nini aliacha. Ambaye kadi yake iko sanduku nyumbani aweza kwenda kuichukua sasa hivi, nasi tutamngoja.